Kilo Mbili Nisitolewe Kwenye Sinia

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimegundua kwamba mtani wangu hakuwa akinitania.

Hili jambo ni zito, naliandika polepole. Nesi wa zahanati yetu hapa Rufisque, Senegal, ni Dieynaba Sy, Mtukulori. Mimi ni Yandé Sarr, Mserere. Sisi na wao ni watani tangu babu wa babu zetu. Mtukulori akimwona Mserere, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, lazima amwite mlafi. Na Mserere lazima ajibu kwamba mlafi ni yule baba yako aliyekula ng'ombe wa mahari kabla hawajafika. Ndiyo adabu yetu. Basi mara nne Dieynaba amenipima. Mara nne ameniambia Mama Yandé, unakula mno, punguza. Mara nne nimecheka mpaka nikapaliwa, nikamjibu kwamba watu wao hunyang'anyana maziwa na ndama.

Leo hakucheka. Alisubiri nimalize kucheka peke yangu. Halafu akasema kilo tisini na nne, na sukari kwenye damu inapanda. Bado haijaingia kuwa ugonjwa wenyewe, eti, lakini iko mlangoni inavua viatu. Nikamwuliza ni utani? Akasema hapana, Mama, na zile mara nyingine haukuwa utani. Loo! Miezi minane nimeichekea dawa!

Akampigia simu mwanangu Birane mbele ya macho yangu, kana kwamba mimi ni mtoto aliyevunja dirisha la shule. Wakanihukumu wawili. Ijumaa ya wiki ijayo napimwa tena. Mizani ikisoma tisini na mbili, salama. Isiposoma, natolewa kwenye sinia. Nitakula kwenye sahani ya peke yangu, wali umepimwa kwa upawa.

Sahani! Miaka arobaini na moja ndimi ninayevunja samaki kwenye sinia la nyumba hii. Naketi, wengine wanazunguka, namega, namrushia kila mtu kipande mbele yake: huyu mgonjwa apate shavu la samaki, huyu mvivu apate mkia. Mtu anayekula kwenye sahani ni mgeni, au Mzungu, au ana kifua kikuu. Nitamrushia nani samaki kwenye sahani? Nijirushie mwenyewe?

Haitatokea. Nina siku kumi na moja na kichwa kizima.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kuiba siri ya Ngoné.

Ngoné ni mke mwenzangu. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Mume wetu alifariki miaka kumi na moja iliyopita, watu wakadhani tutagawana vyungu kila mtu ashike njia yake. Tungeachana tungegombana na nani? Tuko hapa. Ana miaka sitini na sita na kilo sitini na moja, zilezile nilizomkuta nazo siku niliyoingia nyumba hii kama bibi harusi. Kitambaa alichovaa siku hiyo anakivaa mpaka leo. Changu nimekishona mito miwili ya kochi.

Siku zote nimeamini ana mzizi. Mwanamke hawezi kubaki hivyo bila mzizi.

Basi leo nimemfuata kwa macho tangu alfajiri. Kahawa yake kijiko kimoja cha sukari, akakoroga muda mrefu kana kwamba viko vitatu. Mkate akaukata katikati, nusu akaifunga kwenye kitambaa, akaila saa nne, ameketi, anatafuna kama anasikiliza redio. Mchana kwenye sinia nikahesabu matonge yake. Kumi na manne! Akalamba vidole, akasema alhamdulillah, akaondoka wakati Birane ndiyo kwanza anakunja mkono wa shati. Miaka yote nilidhani ni maringo, kwamba mapishi yangu hayamfikii. Sivyo. Huyu mama anaondoka akiwa bado anataka! Nilimwona jicho linarudi nyuma kuangalia mhogo. Na bado akaondoka. Mwili mdogo vile, na nguvu za kuvuta jahazi zima la ng'ombe. Nilipoteza hesabu ya matonge yangu kwenye thelathini na moja, samaki alikuwa mtamu.

Lakini mzizi lazima upo. Alipokwenda kuswali nikafungua sanduku lake. Vitambaa, kioo, jino la mjukuu, picha ya mume wetu akiwa na nywele. Mzizi hakuna. Nikageuka, Ngoné amesimama mlangoni na tasbihi yake. Akasema kama natafuta sanda iko chini kabisa, ila hainitoshi, itabidi nipungue kwanza.

Jibu zuri.

Jumatano, 6 Machi

Mkwe wangu Maguette, mke wa Birane, ameshauri niandike kila kinachopita mdomoni. Mimi shule sikukanyaga. Herufi nilizijua ukubwani kwenye darasa la akina mama, nikazijua kwa ubishi, kwa hiyo kuandika si tabu. Na sikuwa na hofu. Nesi aliniuliza nakula mara ngapi, nikamwambia mara tatu, na niliapa. Sikusema uongo. Kinachoingia mdomoni mtu akiwa amesimama si kula.

Basi nimeandika. Nilionja mchuzi mara sita, chumvi ina hila. Nilipangusa upawa kwa kipande cha mkate, upawa hauwezi kuachwa mchafu. Mkia wa samaki wa kukaanga nilikula ili paka asiupate. Biskuti mbili za mjukuu alizozitupa. Karanga nilipokuwa nazungumza na jirani, na yeye jirani ana maneno mengi. Chai yetu ya ataya, mizunguko mitatu, kila kikombe sukari inayojulikana. Halafu ukoko. Ukoko wa chini ya sufuria, mwekundu, umenyonya mafuta na nyanya zote, naukwangua nikiwa nimeegemea mlango wa jiko. Huo ni haki ya mpishi tangu dunia iumbwe.

Nikamsomea Maguette kwa majivuno. Akasema Mama, hapa kuna chakula kingine cha mchana kizima, na hujafika mchana bado. Nikamwambia hiyo ni kazi, si chakula. Akachukua kalamu, akapiga hesabu ya sukari ya ataya peke yake, vijiko kwa siku, siku kwa mwaka. Akasema ni kama gunia.

Gunia! Nilikwenda dukani kwa jirani, nikajaribu kuliinua gunia la sukari. Halikutikisika. Nikasimama pale nikaangalia magoti yangu, haya maskini mawili, nikayaomba radhi.

Ngoné alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. Akasema Yandé, wewe hukunenepea kwenye sinia. Ulinenepea kwenye mlango wa jiko. Kidogo kidogo, mdogo wangu, huku unazungumza.

Ni kweli. Nilipoolewa nilikuwa kama fagio. Mama mkwe wetu alikuwa akinishika mkono kila mwezi kupima nyama, mkono ukiongezeka anapiga kigelegele, mtaa usikie kwamba nyumba yake inalisha. Umenenepa, Yandé! Ndiyo sifa niliyoipata ujana wangu wote. Kila ukoko nilikula nikisifiwa. Na Ngoné alisikia sifa zile zote, akiambiwa yeye ni kijiti, ni aibu ya mume, na hakuongeza hata tonge moja. Mke wa miaka ishirini na tano, amewakabili wakwe wote kwa kunawa mkono mapema tu! Sijui alipata wapi moyo ule.

Hatajua kwamba nimeandika hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wa pili. Vijiko na matonge ni mambo ya polepole, yanamfaa Ngoné mwenye miaka arobaini ya kungoja. Mimi nina siku nane. Kwa hiyo: kutokula kabisa.

Saa tatu nilijisikia mwepesi, karibu niruke. Saa tano nimegombana na mwuza samaki, nikamwambia samaki wake ana macho ya mtu aliyefumaniwa. Akaniambia nenda ukale, Mama. Amejuaje? Saa saba nikavunja samaki kwenye sinia bila kuonja, nikawarushia wote vipande vinono, Birane akaniuliza kama naumwa. Nikainuka. Nilipita kwa maringo kabisa, kichwa juu, mfano wa Ngoné.

Saa kumi nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo na mkate mrefu mzima, umepakwa chokoleti ya watoto ndani kote. Sikumbuki kuutia mdomoni. Nakumbuka ulipokwisha. Karatasi ya mkate ilipiga kelele kama ya sherehe.

Ngoné alifungua mlango. Nilijiandaa kwa matusi. Aliniletea kikombe cha maji, akaniangalia mpaka nikamaliza, akachukua kikombe, akaenda zake. Heri angenitukana.

Jumapili, 10 Machi

Mpango wa tatu, na huu ni wa akili sana: kumnenepesha Ngoné.

Nesi anasema ni tabia ndogondogo zinazojenga mwili kwa miaka. Ushahidi wake ni nani? Ngoné. Ngoné akiongezeka kilo tatu, ushahidi umekufa, na kesi yangu inafutwa. Na mwenye mamlaka juu ya sinia ni nani? Mimi! Ukirushiwa samaki mbele yako na mvunja samaki, unakula. Kukataa ni kunidharau mbele ya watoto.

Basi nikarusha. Shavu la samaki, kwa Ngoné. Kipande cha tumbo chenye mafuta, kwa Ngoné. Mhogo mnene kuliko wote, kwa Ngoné. Maguette akaniangalia. Nikasema dada yangu amekonda, mnataka watu waseme nini?

Ngoné akashukuru. Akasema Mungu akubariki, Yandé, leo umekunywa nini. Halafu nikaona ajabu. Mkono wake ulikuwa unamega tonge dogo, na kidole cha mwisho kinasukuma. Shavu la samaki likasafiri kwa mjukuu wa kushoto. Mhogo ukaenda kwa Birane. Tumbo lote likafika kwa yule mtoto wa jirani ambaye mama yake yuko hospitali, akala kichwa chini, haraka. Hakuna aliyemwona. Mimi mwenyewe niliona kwa sababu nilikuwa nawinda. Upande wake ulibaki safi, na kila mtu alipata alichohitaji, na hakuna aliyejua nani kampa. Nami nimejisifu miaka arobaini na moja kwamba najua kugawa samaki!

Hapo nikakumbuka kwamba kazi hii alikuwa nayo yeye. Mke mkubwa ndiye anayevunja samaki. Mwezi wangu wa pili hapa, nikiwa nalia kila siku kwa kuwakumbuka watu wa kwetu, alinisogezea samaki mchana mmoja akasema vunja wewe, una jicho la haki. Nilidhani nimemnyang'anya. Nilitamba mwaka mzima.

Mpango umeshindwa. Mtoto wa jirani ameshiba vizuri.

Jumanne, 12 Machi

Ngoné amenijia na dawa yake. Hatimaye! Nikafunga mlango. Akasema: kila kikombe cha ataya toa kijiko kimoja. Ukoko wape kuku. Na ukila, keti. Basi.

Nikangoja sehemu ya mzizi. Hakuna mzizi. Nikamwuliza itachukua siku ngapi, akasema yeye bado anaendelea.

Hata hivyo nimejaribu, asiseme simheshimu. Ataya kijiko kimepunguzwa. Ilikuwa na ladha ya barua ya serikali. Sukari niliyoitoa ilibaki pale kwenye kijiko, inanitazama, nikaila kavu. Lakini niliila nimeketi.

Siku moja imetosha. Mwili umeshaelewa.

Alhamisi, 14 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mpango wa nne ni wa mizani yenyewe. Nimekaa nikahesabu vitu nilivyovaa siku ile nilipopimwa. Hirizi saba za ngozi, ile ya mkononi ina kitu kizito kama risasi. Shanga za kiunoni, nyuzi tano. Kilemba kilichokazwa kwa wanga. Bangili. Meno ya bandia ya juu. Ukivijumlisha vyote hivyo ni mtoto mchanga! Sheikh wa mtaa nimemwuliza kama naweza kuvua hirizi kwa nusu saa. Amesema naweza, kama nitakwenda moja kwa moja na sitasimama kusengenya njiani.

Nikamwomba Ngoné anisindikize anishikie. Akasema hirizi zangu hashiki, katika hizo saba lazima kuna moja ya kumpinga yeye.

Mbili, kusema kweli. Lakini ni za zamani.

Ijumaa, 15 Machi

Alinisindikiza. Alizishika zote saba kwenye mfuko wa plastiki, mkono ameunyoosha mbali kama kabeba kaa hai.

Nilipanda mizani kichwa wazi, miguu mitupu, bila meno. Nikatoa pumzi yote. Kilo tisini na nne na nusu.

Nusu imetoka wapi? Nikamwambia Dieynaba mizani yake ni ya Kitukulori, ina chuki na Waserere. Nilitaka acheke. Akacheka kidogo, kwa heshima. Halafu akavuta kiti akaketi mbele yangu, akanishika mguu wa kulia, huu wenye ganzi ambao sijamwambia mtu, akaubonyeza kidole kwa kidole akiuliza kama nasikia. Vidole viwili sikuvisikia. Nikasema nasikia. Akajua.

Akasema mama yake mzazi alikuwa mpishi wa harusi. Hakuna aliyewahi kumwona ameketi kula. Alikatwa mguu akiwa na umri wangu, miaka sitini, na mpaka anakufa alikuwa akiuliza ni chakula kipi kilichomponza, hakukiona, kwa sababu hakikuwa kimoja. Akasema Mama Yandé, nilianza kukuambia mapema kwa sababu wewe unanichekesha. Nataka uendelee kunichekesha umesimama kwa miguu miwili.

Mtoto wa watu. Nilimkumbatia, nikamwita mlafi, yeye na ukoo wake wote. Nje Ngoné alinirudishia hirizi moja moja bila kuuliza. Tulirudi nyumbani kimya. Sisi, kimya! Watu walitoka milangoni kutazama.

Mchana hukumu ikatekelezwa. Sinia likawekwa kwenye mkeka. Pembeni, ukutani, kigoda, na juu yake sahani ya bati yenye maua. Ya kwangu. Birane aliiweka mwenyewe, akashindwa kuinua macho, mwanangu. Niliketi. Nikaangalia sinia: nafasi yangu iko wazi kama pengo la jino. Samaki mzima katikati, hakuna anayethubutu kumgusa. Mikono yote magotini.

Ndipo Ngoné alipoinuka. Alikuwa ameshanawa. Akaja na kigoda chake, akakigonga na changu, akasema sogeza hilo goti lako. Birane akasema Mama mkubwa, sahani ni ya mtu mmoja. Ngoné akamwambia vizuri, mpakulieni mtu mmoja, tule wawili, tuone nani atakufa. Akasema miaka arobaini na moja hajameza tonge bila kuniona usoni nikimkera, na uzeeni hataki kujifunza mambo mapya. Maguette alivunja samaki kama anapasua kuni. Sote wawili tukamkaripia kwa pamoja kutoka ukutani, shavu mpe mgonjwa! Watoto wakacheka. Nikalia. Nikasema ni pilipili.

Jumamosi, 16 Machi

Habari njema kabisa. Sahani ni rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu Ngoné amezeeka ghafla.

Kwanza, Maguette amekuwa mchoyo, wali anaoweka ni wa kumlisha kifaranga, kisha kabichi, bamia na bilinganya mlima mzima, na samaki. Ngoné anakula wali wa upande wake na wa katikati upesi upesi, anasahau kwamba upande wangu una mpaka. Halafu anasema ameshiba, ananawa, anaondoka, anaacha kabichi yake yote! Mbele yangu! Mimi namtazama mpaka amegeuka, kisha naifagia yote. Hana habari. Nimemaliza bilinganya zake mbili na bamia zote, nikainuka nimejaa.

Akili pia imeanza kumtoroka. Leo kaenda kuangalia ukoko, eti alitaka kuniletea, akakuta ameshawapa kuku kwa bahati mbaya. Sukari ya ataya hakumbuki ameificha wapi. Na jioni anaogopa kutembea peke yake mpaka ufukweni kwa sababu ya mbwa, yeye aliyewahi kumfukuza mbwa na kandambili, kwa hiyo imebidi nimsindikize kwenda na kurudi, kila siku, ndivyo alivyoniomba. Nimekubali. Mtu humwachaje?

Miaka arobaini na moja natafuta mahali pa kumshinda mwanamke huyu, na leo nimepapata: namlia kabichi yake na hajui. Maskini dada yangu. Nimemwambia Maguette kwa siri azidi kumjazia mboga, asije akagundua zinapokwenda.